Kugawa na Kuunganisha Vipaza Sauti katika Ibada



Mtume Paulo awafundisha Warumi kwamba imani huzaliwa katika kusikia. Nayo Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 311, yaagiza waamini wasaidiwe kwa vyombo vya kisasa ili wasikie bila shida. Basi Misa inapoadhimishwa uwanjani, iwe Kalenga, Tosamaganga au Mbeya mjini, na redio ikiirusha kwa wagonjwa walio majumbani, kipaza sauti kimoja cha mimbari hutakiwa kuhudumia mitambo miwili. Tueleze namna ya kufanya hivyo.

Kugawa. Kipaza sauti kimoja chaweza kulisha miksa mbili kwa waya wenye matawi mawili, na sauti itapungua kidogo tu. Lakini miksa ya kanisa ikitumia umeme wa gridi na ya redio ikitumia jenereta, mara nyingi husikika mvumo. Dawa yake ni kisanduku cha kugawia chenye transfoma, ambayo hupitisha sauti huku ikitenganisha umeme wa pande mbili. Kamwe tusikate waya wa ateni kwenye plagi ili kuondoa mvumo: tutaondoa kelele na kumweka msomaji katika hatari ya kupigwa na umeme.

Vipaza sauti vya kondensa huhitaji volti 48 kutoka kwenye miksa. Umeme huo haupiti katika transfoma. Kwa hiyo utoke kwenye miksa moja tu, ile iliyoungwa moja kwa moja na kipaza sauti.

Kuunganisha. Hapa ndipo wengi hukosea. Vipaza sauti viwili vya kwaya vikifungwa pamoja kwa waya wa matawi na kuingizwa katika tundu moja, kila kimoja humlemea mwenzake, na mawimbi ya kila kimoja hushuka hadi karibu nusu. Wala fundi hawezi tena kumpunguza mmoja bila kumpunguza mwingine. Kila kipaza sauti kipewe tundu lake. Kuchanganya ni kazi ya miksa.

Tena, sauti moja ikifika kwenye vipaza sauti viwili kwa nyakati tofauti, husikika nyembamba, kana kwamba imetoka ndani ya bomba. Kanuni ni hii: ikiwa mdomo uko sentimita 30 kutoka kwenye kipaza sauti, cha jirani kiwe mbali angalau sentimita 90. Vile visivyotumika vifungwe.

Namba 306 ya Maelekezo hayo yataka kipaza sauti cha altareni kiwekwe kwa staha. Kukigawa kimoja kwaheshimu agizo hilo kuliko kuisongamanisha altare kwa vipaza sauti vya redio na vya kanisa.

Tunawasihi viongozi wa kwaya na mafundi wetu wafanye majaribio siku moja kabla, mitambo yote miwili ikiwa imewashwa. Bibi kizee aliye kitandani hawezi kusogea mbele ili asikie Injili. Sisi ndio tunaompelekea.