Betty Greene, rubani wa kwanza wa MAF

Februari 23, 2026 ilitimia miaka 80 tangu ndege ya kwanza ya MAF ishike njia. Mjini Bunia, mashariki mwa Congo, ndege za shirika hilo la kimisheni zinajulikana hata na watoto wa shule, lakini ni wachache waliowahi kusikia kwamba rubani wa safari ile alikuwa mwanamke. Aliitwa Elizabeth Greene, na karibu wote walimwita Betty.

Alizaliwa Seattle, Marekani, Juni 24, 1920, na akaanza kujifunza urubani akiwa kijana wa miaka 16. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, alijiunga na WASP, kikosi cha wanawake zaidi ya 1,000 waliorusha ndege za jeshi ndani ya Marekani ili wanaume waende vitani. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuvuta shabaha nyuma ya ndege, huku askari wa mizinga walioko chini wakijifunza kulenga kwa risasi za kweli. Baadaye akahamishiwa Wright Field, Ohio, kwenye majaribio ya kuruka juu sana, ambako hewa ni haba na baridi ni kali. Wanawake 38 wa kikosi hicho walikufa kazini. Kwa kuwa walihesabiwa kuwa raia tu, jeshi halikugharamia mazishi yao, na wenzao walichanga fedha ili miili irudishwe nyumbani. Kikosi kilivunjwa Desemba 1944. Serikali ya Marekani iliwatambua kuwa maveterani mwaka 1977, zaidi ya miaka 30 baadaye.

Wakati bado akiwa WASP, Betty aliandika makala kuhusu ndege na kazi ya misheni. Makala hiyo ilimfikia Jim Truxton, rubani wa jeshi la majini, ambaye pamoja na wenzake alikuwa na wazo hilohilo la kutumia ndege katika misheni. Mei 1945 MAF ikaundwa. Wanaume bado walikuwa jeshini, hivyo Betty ndiye aliyefungua ofisi Los Angeles, akajibu barua, akatafuta wafadhili. Ukisoma kumbukumbu zake, zilizotolewa mwaka 2002 baada ya kifo chake, unamwona kijana wa miaka 25 akibeba shirika zima mabegani.

Ndege yao ya kwanza ilikuwa Waco nyekundu yenye mabawa mawili juu na chini, iliyotengenezwa 1933. Betty aliondoka California akiwapeleka Mexico wanawake wawili wa Wycliffe, shirika la watafsiri wa Biblia. Walifika salama, akaanza kuhudumia kambi yao ya mafunzo katika msitu wa Chiapas. Mwezi mmoja baadaye akaja rubani mwanaume kupokea kazi. Katika kuizoea ile Waco, alipokuwa akitua, bawa likagonga kibanda kando ya kiwanja. Hakuna aliyeumia, lakini bawa na magurudumu viliharibika, na shirika halikuwa na ndege nyingine.

Fundi aliyetumwa kutengeneza bawa lile aliitwa Nate Saint. Miaka kumi baadaye, Januari 1956, Saint aliuawa Ecuador pamoja na wamisionari wenzake wanne, na habari zake zikaenea duniani kwa vitabu na filamu. Anastahili heshima hiyo. Ila kuna dhuluma hapa: fundi wa bawa anajulikana makanisani hadi leo, na aliyeirusha ndege hiyo kwanza amesahaulika.

Kutoka Mexico Betty alikwenda Peru, ambako alivuka milima ya Andes. Wengine husema alikuwa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, jambo ambalo si kweli, maana Mfaransa Adrienne Bolland alivuka tangu 1921 kati ya Argentina na Chile. Betty hahitaji sifa ya mwingine. Alifanya kazi Nigeria, kisha Sudan, ambako sheria haikuruhusu mwanamke kurusha ndege hadi alipopewa ruhusa ya pekee. Alimalizia urubani wake Papua ya Magharibi mwaka 1962.

Hakuwahi kuhudumu kwetu, lakini njia aliyoifungua imefika hapa. Tangu miaka ya 1960 ndege za MAF zimekuwa zikisafirisha madaktari, wagonjwa na dawa mashariki mwa Congo. Hospitali ya Nyankunde, iliyojengwa na kizazi cha akina daktari Carl Becker, ilikua kwa sababu daktari aliweza kuruka asubuhi, akapasua mgonjwa kwenye kituo cha mbali, akarudi. Septemba 2002 Nyankunde ilivamiwa, watu zaidi ya 1,000 wakauawa, na watumishi na wagonjwa walionusurika wakatembea kwa miguu msituni hadi Oicha na Beni. Ulipokuja mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, ndege hizi zilibeba chanjo na wahudumu. Na leo, kila barabara ya Komanda inapokuwa mikononi mwa wenye silaha, mgonjwa mahututi anabaki kutazama angani.

Betty alifariki Aprili 10, 1997. Tangu hapo, katika ukanda wetu, Irene Koki Mutungi wa Kenya amekuwa kapteni wa kwanza mwanamke Mwafrika wa ndege ya Dreamliner, na habari hiyo ilisomwa kwa fahari kote. Basi walimu wa Bunia, makanisa yenye shule, nanyi wazazi mnaopita kando ya uwanja wa ndege na mabinti zenu: waambieni watoto wa kike kwamba rubani wa kwanza wa ndege hizi alikuwa mwanamke, na mtajeni kwa jina.