Mavis Beacon, Encarta na kumbukumbu za kompyuta ya kwanza Machakos

MKAZI wa Machakos aliyemaliza kidato cha nne kati ya miaka ya mwisho ya 1990 na mwaka 2008 hivi, akajiunga na chuo kidogo cha kompyuta akingoja kuitwa chuo kikuu, huenda amekwisha kusahau majina ya wakufunzi wake wote. Jina moja tu hajalisahau, nalo ni Mavis Beacon.

Hii ni programu ya kufundishia uchapaji ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mlango wa kuingilia ulimwengu wa tarakilishi katika miji mingi ya Kenya. Watu wa rika hilo wanapokumbushana ya zamani, aghalabu huitaja sambamba na kamusi elezo ya Encarta, mchezo wa karata wa Solitaire na desturi ya kuvua viatu mlangoni ili vumbi lisiingie katika chumba cha kompyuta.

Kumbukumbu hizi zina sura tofauti na zile za nchi tajiri. Mmarekani anayetamani programu za utotoni huzungumzia The Oregon Trail, mchezo wa historia uliobuniwa mwaka 1971 na walimu vijana watatu jimboni Minnesota, au Where in the World Is Carmen Sandiego? wa mwaka 1985, uliowafunza watoto jiografia kwa kumsaka mwizi duniani kote. Aliicheza akiwa na miaka minane au tisa, darasani, bila malipo.

Mtoto wa shule ya msingi ya umma Ukambani katika miaka hiyo alikuwa na bahati iwapo darasa lake lilikuwa na redio ya kunasa vipindi vya Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE). Shule nyingi hazikuwa na umeme. Kompyuta ilimfikia mwishoni mwa utoto, akiwa na miaka 17 au 18, na mzazi alilazimika kuilipia karo.

Chanzo kimojawapo kilikuwa ni kule kungoja. Mtahiniwa wa KCSE alimaliza mtihani mwishoni mwa mwaka, akapata matokeo mwaka uliofuata, kisha akasubiri kuitwa na Bodi ya Pamoja ya Udahili (JAB). Kutokana na mrundiko wa wanafunzi, kusubiri huko kuliweza kuchukua karibu miaka miwili. Wazazi waliochelea watoto wasije wakazurura mjini waliwapeleka kusomea kile kilichoitwa "pakeji", yaani MS-DOS, Windows, Word, Excel, Access na kadhalika, na mwishowe wakatunukiwa cheti.

Mwalimu asiyekuwapo

Kabla ya pakeji zote palikuwa na kibodi, na hapo ndipo Mavis Beacon alipoingia. Picha ya mwanamke mweusi, nadhifu na mwenye tabasamu, ilimkaribisha mwanafunzi. Wengi waliamini kuwa ni mwalimu halisi aliyebobea katika uchapaji huko ng'ambo. Wala hilo si la kushangaza, kwani Wamarekani wengi waliamini vivyo hivyo.

Ukweli ni kwamba Mavis Beacon hajawahi kuishi. Programu hiyo ilitolewa mwaka 1987 na kampuni ya The Software Toolworks ya California. Mwanamke wa picha ya kwanza aliitwa Renée L'Espérance, mzaliwa wa Haiti aliyekuwa akiuza manukato katika duka moja kubwa la Beverly Hills. Les Crane, mtangazaji wa zamani wa televisheni aliyekuwa mshirika katika kampuni hiyo, alimwona dukani akamwomba apigwe picha. Jina Mavis lilitokana na mwimbaji Mavis Staples, ilhali Beacon ni neno la Kiingereza lenye maana ya taa ya kuongozea njia.

Baadaye picha yake iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na wanamitindo wengine, naye akatoweka machoni pa umma. Kisa chake kilifanyiwa filamu ya hali halisi iitwayo Seeking Mavis Beacon, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2024 katika tamasha la Sundance.

Kwa mwanafunzi wa Machakos, uso huo haukuwa jambo dogo. Vitabu vya kompyuta vya wakati huo vilijaa picha za Wazungu. Huyu alifanana na shangazi mtu, na hata jina lake lilikuwa la kawaida miongoni mwa wanawake wa Kenya.

Programu yenyewe ilifanya kazi kwa utaratibu. Mwanafunzi alianza kwa safu ya kati ya kibodi, vidole vya kushoto vikitua juu ya A, S, D na F, na vya kulia juu ya J, K, L na kibonye kinachofuata. Mikono miwili iliyochorwa kwenye kiwambo ilionyesha kidole kinachopaswa kusonga. Kasi ilihesabiwa kwa maneno katika dakika moja, na kila mibonyezo mitano ikahesabiwa kuwa neno.

Baada ya zoezi palikuwa na michezo, na huo ndio unaokumbukwa zaidi. Katika mbio za magari, gari lilikwenda kasi kulingana na kasi ya vidole, na kila kosa lilimfanya mdudu agonge kioo cha mbele na kupasuka. Matoleo ya baadaye yalileta ngwini na hata kinyonga mla wadudu. Ngwini walikuwa viumbe wa vitabuni, lakini kinyonga alieleweka mara moja.

Umeme nao ulikuwa na la kusema. Ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikausha mabwawa ya kuzalisha stima, na mwaka 2000 Kenya ikaingia katika mgao mkali. Zilipokatika taa, vifaa vya akiba vilianza kulia chumba kizima, na aliyechelewa kuhifadhi kazi yake alianza upya siku ya pili.

Vibonye F na J vina vinundu vidogo vinavyokiongoza kidole bila msaada wa jicho. Machakos ndiko iliko taasisi ya ufundi ya wasioona, Machakos Technical Institute for the Blind, na kwa mtu asiyeona vinundu hivyo si pambo. Ni ishara ya kwanza ya kumwonyesha mahali alipo kwenye kibodi, huku programu kama JAWS ikimsomea kwa sauti yaliyo kwenye kiwambo. JAWS ilitolewa mwaka 1989 na Ted Henter, Mmarekani aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978.

Vidole vya Kiingereza

Kasoro kubwa ya Mavis ni kwamba alijua Kiingereza pekee. Mazoezi yake yalipangwa kufuatana na herufi zinazotumika sana katika lugha hiyo. Kiswahili sanifu hakina matumizi ya Q wala X, na C huonekana tu ikiandamana na H. Herufi A ndiyo inayotawala. Neno kama "wanakamata" lina A tano, na zote ni mzigo wa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu kuliko vyote. Aliyehitimu kwa kasi nzuri ya Kiingereza aligundua kwamba barua ya Kiswahili humchosha kidole hicho upesi.

Kikamba kiliachwa mbali zaidi. Kina irabu saba, na mbili kati yake, ĩ na ũ, huandikwa kwa alama ambazo kibodi ya kawaida haina vibonye vyake. Kwa hiyo kijana aliyejifunza kuchapa bila kutazama hakuweza kuandika ipasavyo hata jina la lugha ya mama yake, Kĩkamba. Mazoea ya kuziacha alama hizo yanaonekana hadi leo katika ujumbe wa simu. Lawama haziwezi kutupiwa programu moja tu, lakini ni haki kusema kwamba ilichangia.

Maktaba ndani ya diski moja

Ikiwa Mavis alifunza vidole, Encarta ilishibisha udadisi. Microsoft iliitoa mwaka 1993, ikitumia makala za kamusi elezo ya Funk & Wagnalls baada ya wenye Britannica kukataa kushirikiana nayo. Diski moja ilibeba maelfu ya makala, ramani, sauti na video fupi. Kwa shule ambayo haikuweza kununua seti nzima ya vitabu vya aina hiyo, lilikuwa jambo la ajabu.

Thamani yake iliongezwa na hali ya mtandao. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ikawa ya polepole na ghali, na wateja wa vibanda vya mtandao walilipa kwa dakika. Encarta haikuhesabu dakika. Mtu aliweza kusikiliza ala za muziki za mataifa mbalimbali au kuzunguka katika kasri la MindMaze, mchezo ambao kila mlango ulifunguliwa kwa kujibu swali.

Mwaka 1999 ilitolewa Encarta Africana, iliyohaririwa na Henry Louis Gates Mdogo na Kwame Anthony Appiah. Ilitimiza ndoto ya W.E.B. Du Bois, msomi Mmarekani aliyehamia Ghana mwaka 1961 ili kuandaa kamusi elezo ya watu weusi, akafariki mwaka 1963 kabla ya kuikamilisha. Inasikitisha kwamba hii, iliyomhusu zaidi msomaji wa Afrika, haitajwi sana watu wanapokumbushana.

Mwisho wa Encarta ulikuja kwa haraka. Mnamo Machi 2009 Microsoft ilitangaza kuifunga, kwa kuwa watu walikuwa wamehamia Wikipedia na mitambo ya utafutaji. Tovuti zake nyingi zilifungwa Oktoba 31 mwaka huo. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa umeanza kazi Mombasa.

Programu za nyumbani

Je, palikuwa na chochote kilichotengenezwa hapa? Kilikuwapo, ingawa kilichelewa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Hapa Kenya, KIE ilitayarisha masomo ya kidijitali ya mtaala wa kitaifa, kazi iliyoendelezwa na mrithi wake, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), kuanzia mwaka 2013.

Mwaka 2016 serikali ilianza kusambaza vishikwambi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, baada ya ahadi ya vipakatalishi iliyotolewa katika kampeni za uchaguzi wa 2013. Zaidi ya vifaa milioni moja vilipelekwa katika shule za msingi za umma zaidi ya 20,000 nchini, zikiwemo za kaunti ya Machakos. Aliyekuwa na miaka sita wakati huo sasa ni kijana, na kwake kompyuta ya utotoni ni kile kishikwambi na masomo yaliyokuwa ndani yake.

Hapa ndipo suala hili linapokuwa zaidi ya mazungumzo ya wanarika. Programu za Kimarekani zina wapenzi wanaozihifadhi. Mnamo Januari 2015, maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive iliweka michezo ya MS-DOS ipatayo 2,400 ambayo mtu anaweza kuicheza ndani ya kivinjari chake, na mwaka 2020 ikaongeza kazi za Flash. Zile za Afrika Mashariki, zilizosambazwa kwa diski shuleni, hazina mlinzi wa namna hiyo.

Sheria nayo haisaidii sana. Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, inamtaka mchapishaji wa Kenya awasilishe nakala za kitabu chake serikalini, lakini iliandikwa kwa kufikiria karatasi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaitambua programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi, na inailinda kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Kwa muda huo, diski yenyewe itakuwa imeoza zamani.

Sababu za programu kufa ni za kawaida kabisa. Nyingi za miaka ya 1990 ziliundwa kwa mfumo wa biti 16, ambao Windows ya biti 64 haiwezi kuuendesha. Windows XP iliacha kuhudumiwa Aprili 8, 2014. Flash, iliyotumika duniani kote kuchora masomo yenye picha zinazocheza, ilifikia kikomo Desemba 31, 2020, na siku chache baadaye, Januari 12, 2021, ikazuiwa kufanya kazi kabisa.

Mwenye diski ya masomo ya zamani kabatini, awe mwalimu au mzazi, hajachelewa iwapo haijakwaruzika. Kiendeshi cha nje cha kusomea CD huunganishwa kwa waya wa USB, maadamu vipakatalishi vingi vya sasa havina nafasi ya diski. Badala ya kunakili faili mojamoja, inafaa diski nzima igeuzwe kuwa faili moja la ISO, ili programu iliyozoea kusoma kutoka kwenye diski idhani bado imo mlemo. Faili hilo halizidi megabaiti 700, na linatosha katika kadi ndogo ya simu. Kisha huendeshwa ndani ya kompyuta bandia, kwa kutumia programu ya bure kama VirtualBox iliyowekewa Windows ya zamani, au DOSBox kwa zile za kabla ya hapo. Diski laini za megabaiti 1.44 ndizo za kushughulikiwa kwanza, kwa sababu huharibika mapema, na vifaa vya kuzisomea vinazidi kuadimika.