Francis Cheka na Ngumi za Kulipwa Morogoro

Katika mkoa wa Morogoro, ambao wapenzi wa michezo wameujua zaidi kwa soka, heshima ya ngumi za kulipwa, yaani zile ambazo bondia hupewa ujira kwa kila pambano, imefungamana na jina la Francis Cheka. Kabla yake, sehemu ya sifa za Tanzania ulingoni ilitoka katika ngumi za ridhaa, ambazo huchezwa kwa ajili ya medali: Titus Simba alipata fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba akatwaa dhahabu Kuala Lumpur mwaka 1998.

Cheka, aliyeitwa SMG ulingoni, aliendelea kuutambulisha mji wa Morogoro kuwa kwao ingawa mapromota, wadhamini na kumbi kubwa vilikuwa Dar es Salaam, na kwa uamuzi huo vijana wa vitongoji kama Kihonda, eneo la viwanda lililo upande wa barabara ya Dodoma, walimpata bingwa waliyeweza kumhesabu kuwa wa kwao. Baada ya kuwashinda Watanzania wenzake, akiwamo mkongwe Rashid Matumla, alipanda ulingoni katika ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, tarehe 30 Agosti 2013, akamshinda Mmarekani Phil Williams kwa pointi na kutwaa mkanda wa dunia wa WBF katika uzani wa kilo 76, ulio hatua moja juu ya uzani wa kati.

Mkanda huo unahitaji maelezo, kwa kuwa ngumi za kulipwa hazina mamlaka moja: vyama vinne, WBA, WBC, IBF na WBO, ndivyo vinavyopewa uzito mkubwa duniani, na WBF haimo miongoni mwavyo. Hata hivyo, kuudharau ushindi ule kwa sababu hiyo ni kumdhulumu bondia aliyeupata kwa jasho lake. Desemba mwaka uleule Cheka alipigwa na bondia Mrusi Fedor Chudinov mjini Moscow, na wengi walikichukua kipigo hicho kuwa ushahidi wa udhaifu wake. Lakini Mei 2015 Chudinov huyohuyo alimshinda Felix Sturm nchini Ujerumani na kuwa bingwa wa dunia wa WBA.