Nyeri kwa Mguu: Kaburi Moja Lipo, Lingine Bado Linatafutwa
Mkiwa mbogi ya watano hivi, tafuteni msee wa Nyeri anayejua stori awatembeze. Vaeni raba, tao ni vilima tupu. Anzieni makaburi ya St Peter's. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alizikwa hapo 1941. Jiwe lake lina duara na nukta katikati, alama ya skauti ya kusema ameenda home. Maskauti hutoka majuu kuliona.

Sasa ulizeni Kimathi. Alishikwa Oktoba 1956 akiwa na risasi mwilini, kesi ikasikizwa hapa hapa Nyeri, akanyongwa Kamiti 18 Februari 1957. Mkoloni alimzika kisiri. Mkewe, Mukami, aliaga 2023 bila kupewa mwili. Msee wenu akinyamaza kidogo hapo, msimharakishe.