Ngumbaru na Miwani

Usiku wa mwisho wa mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa kwa redio na kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata TANU ikaazimia kwamba hadi mwisho wa 1975 asibaki mtu mzima asiyejua kusoma na kuandika. Madarasa yalifunguliwa kwenye shule za msingi watoto wakishaondoka, kwenye majengo ya dini, kwenye ofisi za chama na chini ya miti. Watu waliyaita ngumbaru, na jina hilo limebaki mpaka leo, nusu utani, nusu heshima.

Tarakimu za kampeni ile bado zinashangaza. Mwaka 1967, katika kila watu wazima 100, 67 hawakujua kusoma. Mtihani wa taifa wa Agosti 1975 ulionyesha wamebaki 39, na kufikia 1986 walihesabiwa chini ya 10. Mengi yameandikwa kuhusu walimu wa kujitolea, vitabu vya kisomo na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Ninachotaka kukiongeza mimi ni kitu cha mwilini: macho ya wale wanafunzi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alisomea Kinole, kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi na mtoto mgongoni. Kusoma kulikuwa kumefika kwenye milima hii zamani. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga misheni Morogoro mwaka 1882 na Matombo mwaka 1897, na waalimu wa Kiislamu walifundisha Kurani vijijini. Reli ilipofika Morogoro mwaka 1907, karatasi ziliongezeka: risiti, barua, amri za serikali. Lakini shule ilimchukua mtoto, na mara nyingi mtoto wa kiume. Ngumbaru ndiyo iliyomfuata mwanamke mzima aliyekwisha kuzaa na kulima, ikamkalisha mbele ya ubao.

Sasa tupige hesabu. Mtu aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1975 alifikisha 45 mwaka 1990. Huo ndio umri ambao jicho la karibu kila binadamu hushindwa kazi ya karibu. Ndani ya jicho mna lenzi hai. Ujanani ni laini, na misuli midogo inayoizunguka huiruhusu ivimbe kidogo unapotazama kitu kilicho karibu, kisha irudi kuwa bapa unapotazama mlima. Kadiri miaka inavyokwenda lenzi hukakamaa. Misuli huendelea kufanya kazi, lenzi haitii. Madaktari huita hali hii presibayopia. Kimsingi si ugonjwa. Ni umri, kama mvi.

Bibi alianza kwa kutuita tumtungie uzi kwenye sindano. Kisha akaacha kuchagua mchele mwenyewe, maana mawe yalimpita yakaenda kutuvunja meno. Kitabu alikisogeza mbali, halafu akakipeleka mlangoni saa sita mchana. Hilo la mlangoni lina maelezo ya kisayansi: kwenye mwanga mkali mboni hujibana, na tundu dogo hukusanya taswira vizuri zaidi hata kama lenzi imechoka. Mwishowe akakiweka kitabu ndani ya sanduku. Tulipomuuliza alisema, "Kisomo kimenitoka, wajukuu zangu. Ni uzee." Nasi tukaamini. Aliamini hata yeye.

Ni kauli hiyo iliyonifanya nizitazame upya tarakimu za taifa. Baada ya miaka ya 1980 kiwango cha kujua kusoma kilishuka, na sababu zinazotajwa ni za kweli: uchumi kuyumba, madarasa kufa, vitabu kuisha, watoto kukosa shule. Lakini mtu anayeambiwa asome sentensi akashindwa huandikwa kuwa hajui kusoma. Hakuna safu ya kuandika kwamba anajua ila haoni. Wangapi katika wale walioitwa "waliosahau" walikuwa wanahitaji vipande viwili vya kioo tu?

Ushahidi wa karibu na kwetu unatoka Kongwa, wilaya ya Dodoma inayopakana na mkoa wa Morogoro. Utafiti wa huko uliochapishwa mwaka 2006 uliwapima watu wa miaka 40 na zaidi, yaani kizazi kilekile cha ngumbaru. Takribani 6 katika kila 10 walikuwa na tatizo la kuona karibu. Miongoni mwa wenye tatizo, waliokuwa na miwani ya kuwasaidia hawakuzidi 6 katika kila 100. Na shida zao hazikuwa za vitabu peke yake. Walitaja kuchagua mchele, kupalilia, kushona, kuwasha taa na kuvalisha watoto.

Ajabu ni kwamba dawa ya tatizo hili ni ya zamani sana. Mwanzoni mwa karne ya 11 Ibn al-Haytham aliandika huko Cairo kitabu kikubwa kuhusu nuru na kuona. Mwaka 1306 mtawa Giordano da Pisa, akihubiri Florence, aliwaambia waumini kwamba haijatimia miaka 20 tangu sanaa ya kutengeneza miwani igunduliwe. Miwani ile ya kwanza ilikuwa ya wazee wanaosoma: lenzi zilizobinuka katikati, zinazofanya kazi ambayo lenzi ya jicho imeikataa. Hesabu yake ni fupi. Ukitaka kusoma kwa umbali wa sentimita 40, gawanya mita 1 kwa 0.4, unapata dayopta 2.5. Ndiyo maana miwani ya kusomea inayouzwa mitaani huandikwa namba kama +1.00, +2.00 au +2.50. Kati ya Florence ya 1306 na Kinole ya utotoni mwangu kuna karibu miaka 700, na kifaa hicho kilikuwa bado hakijapanda mlima hadi nyumbani kwa bibi.

Kilipopanda, ilikuwa kwa sababu ya ardhi. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mipaka ilikuwa ikishikwa na kumbukumbu za wazee: mto, jiwe, mti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilileta hati za hakimiliki ya kimila, na kumbukumbu zikaanza kuhamia kwenye karatasi. Zamu ya shamba letu ilipokaribia, mama alinunua mjini Morogoro, kwa muuzaji wa barabarani, miwani ya +3.00 kwa shilingi elfu chache. Siku ya kikao, karani alikuwa ameshasogeza kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba.

"Subiri kwanza, mwanangu," bibi akamwambia, akavaa miwani.

Alisoma polepole, kwa sauti, silabi kwa silabi kama alivyofundishwa. Alipofika kwenye mpaka wa kusini akanyamaza, akarudia. Karatasi ilisema mwembe. Yeye alijua ni mfenesi, na kati ya miti hiyo miwili kuna hatua kama ishirini za migomba na mipilipili manga. Wazee wenzake wakathibitisha, karani akafuta na kuandika upya, na bibi akaandika jina lake badala ya kubonyeza dole. Kisomo kilikuwa hakijamtoka.

Leo ukiuliza kuhusu matibabu utasomewa orodha ndefu. Iko miwani ya sehemu mbili, ambayo Benjamin Franklin aliieleza katika barua ya mwaka 1784. Ziko lenzi zinazobadilika taratibu kutoka juu hadi chini, alizozitengeneza Bernard Maitenaz na kuuzwa Ufaransa kuanzia 1959. Ziko lenzi za kuvaa juu ya jicho, upasuaji wa leza, na upasuaji wa kuibadilisha lenzi yenyewe. Tangu Oktoba 2021 Marekani imeruhusu matone ya pilokapini kwa kazi hii. Hubana mboni, jambo lilelile bibi alilolitafuta mlangoni saa sita mchana, lakini nguvu yake huisha baada ya saa kadhaa, huweza kuleta kichwa kuuma, na mboni iliyobanwa hupunguza mwanga. Kwa mtu anayesoma kwa kibatari, hiyo si nafuu.

Kwa hiyo kwa milima yetu jibu bado ni kioo kilichobinuka, pamoja na mtu wa kupima. Miwani ya barabarani husaidia, lakini haijui kutambua presha ya macho, ambayo huiba uoni kimyakimya. Tena mzee akikwambia ghafla kwamba anasoma bila miwani, usishangilie: huenda ni mtoto wa jicho anayeanza kuigeuza lenzi, na nafuu hiyo haidumu. Wataalamu wa optometria wanafundishwa KCMC Moshi, ila si rahisi kumkuta mmoja Kolero au Tegetero. Rwanda, kuanzia 2012, iliamua kuwafundisha wauguzi wa vituo vya afya kupima macho, kutoa miwani ya kusomea na kuwapa rufaa wenye matatizo makubwa. Si lazima kumngoja daktari bingwa apande mlima.

Faida yake imeshapimwa. Wachuma chai wa Assam, India, waliopewa miwani waliongeza mavuno yao kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wenzao waliosubiri, kwa mujibu wa utafiti wa 2018. Bangladesh, utafiti wa 2024 ulionyesha kipato kikipanda kwa theluthi moja. Kuchuma chai na kuchagua pilipili manga ni kazi za macho yaleyale. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 duniani wanaishi na tatizo hili bila msaada.

Kizazi cha ngumbaru kinaondoka, lakini hesabu haijafungwa. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2002, ada ya shule za msingi ilipokuwa imefutwa, atafikisha miaka 45 karibu na mwaka 2040. Pesa zake zitakuwa kwenye simu, namba ya siri itaandikwa kwa herufi ndogo, na dozi ya dawa itakuwa imechorwa 1x3 juu ya bahasha. Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa darasani naye. Zahanati ya Kinole bado ina miaka ya kujiandaa, na kinachohitajika ni boksi la miwani, kadi ya kupimia na muuguzi aliyefundishwa kuvitumia.