Ofisi Huhama, Mteremko Hubaki

Tangu 1972, mkulima wa Kigoma amebadilishiwa mara nyingi mlango wa kubisha hodi. Mwaka huo yalikuja Madaraka Mikoani, na Operesheni Kigoma ikawakusanya watu vijijini. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya 1982. Mwishoni mwa miaka ya 1990, maafisa ugani wakahamishiwa halmashauri. Wakati huo wote, miteremko ya Ziwa Tanganyika ililimwa na udongo ukashuka ziwani; mradi wa TACARE ulipoanza 1994, ulilazimika kuotesha miti upya. Leo TARI Kihinga inazalisha mbegu bora za michikichi. Naunga mkono, lakini mchikichi huishi kuliko muundo wa wizara. Muundo ukibadilika tena, nani atapanda mlimani kumwona mkulima?