Tulivyogawana Maji, Tulivyouza Kahawa



Kabla hatujaomba mchango wa mwaka huu, tukumbushane jinsi wazee wetu wa Kilimanjaro walivyoamua mambo ya watu wengi.

Kwanza ni mfongo. Mifereji ile ilichukua maji kwenye makorongo ya juu na kuyashusha hadi migombani, ikipita mashamba ya koo nyingi. Kila mfongo ulikuwa na watu wake. Waliousafisha ndio waliopanga zamu za maji, na aliyekosa siku ya kazi bila sababu alitozwa faini. Aliyeamua alitumia maji yale yale aliyoyagawa.

Kahawa ilileta kundi kubwa zaidi. Mwaka 1925 wakulima walianzisha KNPA, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi. Maelfu ya wakulima hawawezi kusikilizana uwanjani, hivyo walikutana kwenye vyama vyao na kutuma wajumbe. Utaratibu ulikuwa mzuri. Lakini wakulima walilazimishwa kwa amri kuuza kahawa kupitia ushirika peke yake, na bei iliposhuka manung'uniko yakazidi. Mwaka 1937 ghasia zikazuka, majengo ya baadhi ya vyama vya msingi yakashambuliwa. KNCU ilinusurika, ila tujifunze: watu wakiona uamuzi si wao, hata chama chao wenyewe watakigeuka.

Nasi tumelionja hilo. Mkutano wetu uliopita, uliofanyika mjini, ulipitisha kwa kura nyingi ukarabati wa ukumbi. Akina mama wanaoteka maji bondeni hawakuwapo. Kura zilikuwa halali, lakini michango ikasuasua, na ukumbi haujaguswa.

Kwa hiyo mwaka huu tunaanza upya. Kila kitongoji na kila tawi la mjini litakaa kwanza, likiwa na makadirio ya gharama mkononi, kisha litatuma wajumbe wawili, mmoja wao mwanamke. Baada ya kura watarudi kueleza kilichoamuliwa na sababu zake. Hesabu zitabandikwa mahali pa wazi.

Mbele yetu kuna bomba la maji na ukumbi. Fedha za vyote viwili hatuna. Toeni mchango, na mfike kikaoni. Safari hii kikao kimesogezwa karibu na kila mmoja wetu. Siku ya kusafisha mfongo ndiyo hii.